Shaba Nyepesi za Shemasi

Ijumaa asubuhi Mehitabel Tuttle alimwosha mumewe, Zebuloni, akamfunga kidevu kwa kitambaa, kisha akamwekea sarafu mbili za shaba juu ya macho, kama afanyiwavyo kila maiti hapa Connecticut. Macho yakafunguka. Sarafu zikaanguka sakafuni.

Zilikuwa zimegongwa na Zebuloni mwenyewe, kwenye mtambo wa Shemasi Asahel Peck uliomponda kifua siku iliyotangulia. Upande mmoja zina kichwa cha mwanamume, upande wa pili mwanamke ameketi, na pembeni pameandikwa uhuru.

Mehitabel akaongeza mbili, kisha nne. Zebuloni akaendelea kutazama dari.

"Nyepesi hizo, shoga," alisema Jerusha, jirani aliyeleta mkate wa mahindi. "Yeye ndiye aliyekuwa akizipunja kwa amri ya bosi wake, sasa atadanganyika nazo vipi? Tafuta zile za zamani, za mfalme wa Uingereza."

Mchungaji alikuwa ameshasema hatamzika mtu anayemkodolea macho. Kwa hiyo Mehitabel alikwenda kwa Shemasi, mwenye kasha zima la shaba za mfalme, nzito, zikingoja kuyeyushwa zigongwe kuwa zake nyepesi.

"Shaba zako hazimfumbi mume wangu macho, Shemasi."

"Alikuwa mbishi tangu zamani. Za mfalme ninazo. Mbili kwa arobaini na nane za kwangu."

"Arobaini na nane si ndiyo rambirambi uliyonipa jana?"

"Basi una bahati, Dada Tuttle. Zinatosha kabisa."

Mehitabel akatoa zote, akarudi nyumbani kumwekea mumewe zile mbili. Macho yakafumbika papo hapo.

Jumamosi mchungaji aliomba vizuri, nasi wenzake wa mtamboni tukaimba. Kabla jeneza halijapigiliwa misumari, Shemasi alisogea, akazichukua zile sarafu mbili, akazifuta kwa leso.

"Nimezinunua hizo!" alisema Mehitabel.

"Umezikodi. Mazishi yamekwisha."

Zebuloni akafungua macho, akamtazama. Seremala akauliza kama angoje kidogo.

"Pigilia," alisema Shemasi. "Huko chini hakuna cha kuona."

Kwa kuwa ilikuwa siku ya mshahara, tulipanga foleni pale pale, kando ya ukuta wa makaburi. Kila mmoja alipokea shaba zake nyepesi akasema asante, nami nilisema, aibu yangu. Mehitabel alikuwa wa mwisho. Aliomba nafasi ya kazi ya mumewe.

Shemasi alimwambia aanze Jumatatu, kwa nusu mshahara, na akae mbali kidogo na mtambo.