Makomanda Wawili na Ubao Mmoja

Mwaka ule mstari wa vita ulipita katikati ya uwanja wa basketi wa chuo, mtaani Saio. Haikuwa makusudi. Makundi mawili yaliyogombania mji wa Bunia yalichoka mahali pamoja, siku moja, na kila kundi likabaki na kikapu kimoja. Wanafunzi waliyaita Watu wa Juu na Watu wa Chini, kwa sababu kutaja majina yao halisi kulileta maswali.

Floribert alichezea timu ya chuo tangu mwaka wa kwanza. Sasa alikuwa na diploma, na kijana mrefu mwenye diploma asiye na kazi huonekana toka mbali. Komanda Jérôme wa Juu alishamwambia kwamba mechi ya Jumamosi ikiisha, atavaa sare. Komanda Étienne wa Chini alimtumia ujumbe uleule, pamoja na buti zilizombana.

Tumaini lake lilikuwa Mama Monique, mzaliwa wa Bunia na kocha wa klabu moja ya Kampala iliyolipa wachezaji mshahara. Jumamosi alikuja kumtazama, kwa ndege ndogo ya wamisionari iliyokuwa irudi alasiri hiyohiyo. Aliketi kwenye tofali pembeni ya uwanja.

"Nusu ya kwanza sitaitazama sana, mwanangu," alimwambia. "Nusu ya kwanza kila mutu iko muzuri. Miye nataka kuona ya pili."

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Timu ya chuo ilianzia Juu, wapinzani wao Chini. Wachezaji walivuka mstari mbio, wakafunga, wakarudi mbio, na askari wa pande zote wakapiga makofi. Kisha mwamuzi, Prof Aimé, aliyefundisha sheria chuoni, akapuliza filimbi na kuomba timu zibadilishane vikapu.

Komanda Étienne akasimama. "Prof, kubadilishana namna gani?"

"Walioanzia Juu watalinda huku Chini, na wa Chini watalinda kule. Ni kanuni, Komanda."

"Apana. Kuvuka, kushambulia na kurudi kwao, hiyo vita inajua. Lakini kuja kwangu, kubaki na kulinda? Hiyo ni kuniteka."

"Hata miye nakataa," alisema Jérôme kutoka ng'ambo. "Leo huyu mujinga amesema kitu ya maana."

"Mujinga ni baba yako."

"Baba yangu ni mujomba yako, Étienne. Chunga mudomo."

Mama Monique alitazama angani, upande wa uwanja wa ndege. Floribert alimwona.

"Prof, kanuni inasema vikapu vibadilishwe," alisema. "Basi tubadilishe vikapu. Siye tubaki."

Askari wakapanda nguzo zote mbili, wakafungua mbao na pete zake. Mbao zilibadilishwa kwenye mstari wa kati kama wafungwa wa vita, polepole, bila mtu kutabasamu. Watu wa Juu wakaufunga ubao wao na kuridhika. Watu wa Chini wakagundua kwamba ubao waliopewa umepungukiwa bulon mbili, zile skrubu nene za kuushikilia nguzoni.

"Bulon umezifunga jela?" aliuliza Étienne.

"Ulitoka hivyo kwenye nguzo. Uliza ubao."

Bunduki zikaanza kugeuka. Floribert aliona nusu yake ya pili inaondoka, na Kampala nyuma yake.

"Ushikwe kwa mikono," alisema.

"Mutu yake ataupindisha," alisema Étienne.

"Mutu yako atauachia makusudi," alisema Jérôme.

"Basi shikeni nyinyi wawili. Kila mumoja amuchunge mwenzake."

Hakuna aliyeweza kukataa, maana kukataa kulikuwa kumwachia mwingine kikapu. Ilibaki shida moja: Jérôme hakutaka kukanyaga ardhi ya Chini. Akaagiza meza ya darasani kutoka upande wake, akabebwa juu yake amesimama. Meza ilikuwa ya Juu, kwa hiyo aliyesimama juu yake alikuwa bado kwao. Étienne akapanda meza nyingine kando yake. Wote wawili walikabidhi bunduki kwa walinzi wao, kwa kuwa ubao ulikuwa mzito na ulidai mikono yote minne.

Bunia nzima ilimjua Floribert kwa kuruka na kuupigilia mpira kwenye pete mpaka nguzo itetemeke. Katika shambulio la kwanza aliruka hivyohivyo. Akiwa hewani aliona nyuso mbili kandokando ya ubao, macho yamefumbwa, midomo ya Jérôme ikisali. Mkono wake ulilegea. Aliuachia mpira taratibu, ukapita katikati ya pete bila kugusa chuma.

"Aksanti," alisema Étienne, macho bado yamefumbwa.

Akafunga tena hivyo, kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka mbali. Mpira uligonga ubao mara moja tu, ulipotupwa na mwenzake Constant, na makomanda wote wawili walimtukana kwa sauti moja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Mama Monique alikung'uta vumbi kwenye kikwembe alichojifunga. "Wa kupigilia niko nao wanne, na kila mwezi wananivunjia pete. Mikono yako haitafutie mutu ubaya. Twende."

"Anaenda wapi?" aliuliza Jérôme kutoka mezani, ubao bado mikononi mwao. "Mumushike."

"Wakimushika, naachia," alisema Étienne.

"Ukiachia, utatuangukia wote."

"Basi wasimushike."

"Na wako?"

"Wangu pia. Sema weye kwanza."

Askari walisubiri amri. Floribert alipita katikati yao, akampa mkono kila aliyenyoosha wake, na walikuwa wengi.

Barabarani mwenye pikipiki alimpima kwa macho. "Mama, huyu ni abiria mumoja ao wawili?"

"Ni muchezaji wangu," alisema Mama Monique. "Washa."

Ndivyo kazi yake ya kulipwa ilivyoanza, magoti yakiwa karibu na masikio. Nyuma yao Prof Aimé alikuwa akiwaeleza makomanda kwamba atahesabu hadi tatu, na kwamba wakitaka, wanaweza kuachia pamoja.

"Mazoezi ni siku gani?" aliuliza Floribert.

"Kesho," alisema Mama Monique. "Inua miguu, itagusa barabara."