Pampu Isiyoanguka

Mnyororo ulikatika asubuhi, fundi waliyemwita Grisi akiwa chini ya pampu, mkono mmoja unaelekeza winchi, kushoto kidogo, kushoto tena, mkono wa pili umeshika kipande cha mkate. Kiwanda kilikuwa cha chumvi. Upepo wa pale hula chuma kama mchwa alavyo mlango: bawaba, misumari, hata vifungo vya suruali. Pete mbili za mnyororo zilimdondokea begani. Pampu yenyewe, tani nzima, ilibaki juu ya kichwa chake bila ndoano wala kamba. Grisi akamalizia mkate wake.

"Umekatika," akasema.

"Tumeona," mwendesha winchi akajibu kutoka juu. "Sogea basi."

Akasogea. Pampu nayo ikasogea.

Meneja akaja, akatazama juu, akatazama saa. Mwaka uliotangulia mafundi walimwomba minyororo ya chuma kisichoshika kutu, au walau iliyochovywa kwenye zinki. Yeye akaleta makopo ya rangi ya fedha. Minyororo ya zamani ikapakwa, kutu na yote, ikang'aa hadi wageni wakaisifu. Grisi ndiye aliyeshika brashi. Alijua fika anapaka nini, lakini mkewe alikuwa mjamzito na kazi ni kazi.

"Kuna kitu kimeanguka?" meneja akauliza.

"Hapana, bosi. Bado."

"Basi hakuna ajali." Akampa likizo, maana pampu ilikuwa inaziba njia.

Grisi akarudi nyumbani kwa miguu, pampu ikimfuata juu kwa juu. Majirani walimsalimia kwa mbali. "Mwenzetu umejipatia kivuli chako binafsi!" mmoja akamtania, naye akacheka kwa adabu. Ndani hakuingia, kwa sababu bati na kenchi zisingestahimili. Mkewe alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, akaelewa bila kuambiwa. Alitandika mkeka uwanjani, akarudi nyuma, ndipo mumewe akaja kuukalia. Na chakula kikawa hivyo hivyo: sahani inawekwa, mmoja anaondoka, mwingine anakuja.

"Baba watoto, unasikia baridi?" mkewe aliuliza kutoka kizingitini.

"Kidogo tu."

"Hata mimi," akasema, na blanketi analo.

Balaa lilikuja mtoto alipoanza kutambaa. Akimwona baba yake tu, kicheko, magoti hayo mbio. Grisi anarudi nyuma. Mtoto anazidi kuja, baba anazidi kurudi, mpaka mama amnyakue na kilio kianze. Inauma, jamani, kumkimbia mwanao mwenyewe. Grisi alikuwa akigeuka upande wa pili ili wasimwone akifuta macho.

Dawa ilijulikana: asimame chini ya winchi, pampu ifungwe kwa mnyororo mzima, ishushwe pembeni, mambo yaishe. Wenzake walijaribu siku ya mapumziko kwa mnyororo wa ghalani, ukakatika kabla haujakaza. Wakajaribu wa pili, yale yale. Wa tatu hawakuugusa. Mkewe akaenda ofisini.

"Naomba mnyororo mmoja tu usioshika kutu," akamwambia meneja. "Mtoto anamtaka baba yake."

"Mnyororo wa nini, mama? Ile pampu inaning'inia yenyewe, tena vizuri kuliko zangu zote zilizofungwa." Hakuwa anatania. "Na mumeo, kusema kweli, ni mvumilivu."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," mwanamke akasema, akatoka bila kuaga.

Siku moja wakaguzi wa usalama walipita mtaani, wakauliza inakuwaje mtu akae chini ya mzigo bila uzio. Haukupita muda, lori likaleta mnyororo mpya. Safari hii si rangi. Kilikuwa chuma kisichoshika kutu kweli kweli, pete nene, na kibao kimeandikwa tani tano. Mtaa mzima ulitoka kuutazama. Mkewe alilia kwa furaha, akamwogesha mtoto, akamvika gauni safi, akasimama naye mlangoni kungoja.

Wafanyakazi wakachimbia vigingi kumzunguka Grisi uwanjani, wakauzungusha mnyororo, wakapiga kufuli usije ukaibwa.

"Jamani," Grisi akasema, "huu si ungetosha kuishusha?"

Msimamizi wao aliupima kwa kiganja. "Ungetosha, tena ukabaki. Ila huu ni wa usalama. Wa kuinulia haujaidhinishwa." Akaweka ufunguo mfukoni. Mke wa Grisi akaingia ndani kumvua mtoto lile gauni.

Kiwandani winchi ziliendelea kunyanyua kwa minyororo ya rangi ya fedha, watu wakipita chini. Kila ilipochubuka, ilipakwa upya.

Mtoto alijifunzia kutembea kwenye ule mnyororo. Aliushika kwa mikono miwili, akauzunguka hatua kwa hatua, na Grisi, ndani ya mzunguko wake, akatembea sambamba naye, akiwa mbali kiasi cha pampu kutomfikia mtoto. Penye kigingi mtoto akaanguka.

"Inuka, mama," baba akasema. "Shika hapo. Hapo hapakatiki."

Mtoto akashika, akainuka, kisha akamwonyesha baba yake viganja. Havikuwa na kutu hata chembe.