Ukurasa wa Nne

Balozi alikuwa na desturi iliyowachosha watu: hatii sahihi mpaka aliyepiga chapa asome karatasi zote kwa sauti. Aliianza akiwa karani wa posta. Nchi ilipopata uhuru akaingia nayo bungeni, kisha kwenye uwaziri, na sasa uzeeni alikuwa nayo ubalozini. Vijana wa ofisini walimwita Bwana Soma, ila si mbele yake.

Siku ya mkataba wa mpaka, binti mpiga chapa alisimama mwisho wa meza ndefu. Wageni kutoka nchi jirani walikwisha kutoa kalamu. Katibu wa ubalozi akamnong'oneza Balozi kwamba leo waiache desturi hiyo, wageni wana ndege ya saa kumi. Balozi akamjibu kwamba ndege ina mabawa, itafika tu.

Binti akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne akanyamaza. Visima vitatu vya wafugaji wao vilikuwa vimeangukia upande wa jirani. Ile ilikuwa rasimu ya wiki iliyopita, iliyokwisha kukataliwa na pande zote mbili. Katibu, kwa haraka zake, alikuwa ameichomeka humo asubuhi. Binti akisema, anamuumbua mkubwa wake mbele ya wageni na kibarua chake kitaota nyasi. Asiposema, watu wataamka kesho wakiomba ruhusa ya kunywa maji yao wenyewe.

"Umepotea mstari, dada?" katibu akauliza, akitabasamu.

"Sijapotea, bosi. Karatasi hii siyo niliyopiga jana."

Katibu akacheka kidogo, akawaambia wageni wamvumilie, shule yenyewe hakumaliza. Balozi hakucheka. Akavaa miwani, akaisoma karatasi mpaka chini, polepole, halafu akainuka kitini.

"Nimekaa na mawaziri, nimekaa na marais," akasema. "Leo aliyeiokoa nchi yangu ni huyu. Njoo ukae hapa, mwanangu, uipige upya."

Taipureta ikaletwa juu ya meza ile ile. Mkuu wa wageni akatuma mtu uwanjani, ndege isubiri. Wakubwa wa nchi mbili wakakaa mikono mapajani, wakisikiliza vidole vya binti. Yeye hakuinua uso. Ila mgongo aliunyoosha, na hakukosea hata herufi moja.