Kopo Lenye Picha ya Nguruwe

Selemani tulimzika wiki tatu zilizopita, kwao karibu na Soni. Kichomi kilimchukua kwa siku nne tu. Nilisimama nyuma ya Waislamu wenzake, nikatupa udongo mara tatu kama wao, kisha nikapanda mlima kurudi Magamba. Mke wangu Dorkasi ananiambia niandike, maana nimekuwa mtu wa kukaa kimya mbele ya chakula. Basi naandika, nisije nikaanza kujisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka 1956, miaka minne nyuma. Kambi yetu ya mbao ilikuwa katika msitu wa miti mikubwa ya mikulo, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne ya asubuhi, siku nyingine hauondoki kabisa. Bwana mwenye kambi alileta msumeno wa petroli, mdogo, wa kubebwa na mtu mmoja. Sisi hatukuwa tumewahi kuona wa namna hiyo. Kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la kumi na niliweza kusoma kijitabu chake, alinikabidhi mimi. Selemani akatolewa kwenye shimo la wapasua mbao awe msaidizi wangu.

Wapasua mbao hufanya kazi wawili wawili: mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni, wakivutana msumeno mrefu. Wa chini ndiye anayemwagikiwa unga wa mbao machoni. Selemani alikuwa wa chini miaka sita. Siku aliyotoka humo alikwenda mtoni, akanawa uso, akarudi akicheka peke yake.

Kazi yangu ilikuwa kukata, kunoa meno ya mnyororo kwa tupa, kusafisha plagi na kukung'uta kichujio cha hewa. Yake ilikuwa kusafisha njia na kujaza tangi. Petroli ya injini ile huchanganywa na oili kabisa, kipimo kimoja cha oili kwa kumi na sita vya petroli. Hakuna oili nyingine ndani yake. Ukiisahau, pistoni inasagana na silinda mpaka vinashikana.

Oili ilikuwa kwenye pipa stoo kwa Bwana. Alitumiminia katika kopo kuukuu la jikoni kwake, lenye picha ya nguruwe mnene aliyevaa kofia. Siku ya kwanza Selemani alilizungusha kopo lile mikononi, akalitazama pande zote.

"Sefania, haya mafuta ni ya nini?"

"Huoni picha?" nikamwambia. "Nguruwe mzima ameyeyushwa humo. Ndiyo maana mashine inalia vile."

Silvano, kiongozi wa wapasua mbao, Mkatoliki wa Rangwi, alikuwa amekaa juu ya gogo akila kiazi. Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka pia. Selemani alitabasamu, akaliweka kopo chini, akafuta vidole kwa majani. Kesho yake akaniambia, "Kuchanganya niachie mimi peke yangu. Wewe una ya kwako mengi." Nikashukuru. Sikulifikiria tena.

Wiki ya pili injini ilikwama katikati ya mti. Niliifungua, nikakuta pistoni imechubuka kama goti la mtoto. Nilishinda siku mbili nikiisugua kwa msasa laini na kuzilegeza ringi zilizoganda. Ikawaka. Siku tano baadaye ikaanza kutoa moshi mzito na kukohoa. Plagi ilikuwa imelowa, imevaa utando wa kahawia unaonata. Nikasafisha. Siku iliyofuata ikakwama tena.

"Mashine yenu imekula nini leo?" Silvano akauliza. "Mwambieni Bwana ailetee uji."

Wenzake wakacheka. Nilianza kuwatazama wale watu kwa jicho jingine. Msumeno wetu uliangusha kwa asubuhi moja miti waliyoiangusha wao kwa shoka wiki nzima, na kila mtu alijua kwamba Bwana angeleta wa pili, na wa tatu. Nani angependa uwake? Nikaanza kulala na ufunguo wa stoo tulimoweka msumeno shingoni.

Bwana alikuja Jumatatu, akaitazama pistoni.

"Mtu anaua mashine yangu," akasema. "Jumamosi unipe jina. Bila jina, unaondoka wewe."

Nilikuwa nimeoa miezi mitatu kabla. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kambi.

Tangu siku hiyo niliona hila katika kila kitu. Wapasua mbao hawakuwa na ufunguo, nami sikuwa nimeukuta mlango umeguswa. Waliobaki ni wawili, mimi na Selemani. Nikakumbuka kwamba aliomba kuchanganya peke yake. Nikaona pia alivyokwenda mtoni kila adhuhuri kabla ya kuswali, akasugua mikono kwa mchanga, muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu wa kutawadha. Nikajiuliza anaosha nini. Jioni alipita shimoni kwa Silvano, wakaongea Kishambaa kwa sauti ya chini. Nilipokaribia wakanyamaza.

Jumatano nilichukua kijiti, nikakitumbukiza kwenye kopo la nguruwe, nikakiwekea alama kwa kisu mahali oili ilipofika. Alhamisi tulimaliza debe la petroli. Nikapima. Oili ilikuwa palepale kwenye alama. Ijumaa nikapima tena, palepale.

Nilikaa juu ya kisiki na kijiti mkononi. Petroli ilikwisha, oili haikuguswa. Rafiki yangu alikuwa anailisha injini petroli tupu, makusudi, nami ndiye niliyekuwa nafukuzwa. Mchana huohuo, alipokwenda kuswali, nilifungua mfuko wake. Nikakuta chupa imezibwa kwa gunzi la mahindi, ndani mna kitu cha manjano, kizito. Nikasema moyoni, hii ni dawa ya kuiua mashine, na ni Silvano aliyempa.

Naandika wazi: sikumwuliza. Kutoka pale nilipokaa mpaka mtoni alipokuwa ni hatua hamsini.

Jumamosi Bwana alisimama mbele ya stoo. Nilimwonyesha kijiti.

"Ni Selemani, Bwana. Anaweka petroli tupu. Na ana chupa ya dawa mfukoni."

Bwana akaitoa chupa, akainusa, akakunja uso, akaitupa majanini.

"Kweli hukuweka oili?"

"Yale mafuta sikuyagusa," akasema Selemani. "Ni kweli."

"Kwa nini?"

Selemani akanitazama. "Sefania anajua."

"Mimi najua nini?" nikafoka. "Usinitie mimi!"

Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalize mzaha. Halafu akachukua mfuko wake, akamwambia Bwana "Kwaheri," akaenda zake. Mimi hakuniaga.

Jumatatu nilichanganya mwenyewe. Kabla ya kumimina petroli mpya nililipindua debe alilochanganyia Selemani ili imwagike iliyobaki. Chini kabisa kulikuwa na kitu kizito kama asali, hakikutaka kutoka. Nikakichovya kidole. Harufu ya petroli ilipopungua ikabaki nyingine, niliyoijua tangu utoto. Nikaenda majanini, nikaitafuta ile chupa, nikang'oa gunzi. Ilikuwa ileile. Mafuta ya nyonyo.

Nilishuka Soni siku hiyohiyo. Mkewe, Mwanamisi, alikuwa uani akitwanga nyonyo zilizokaangwa.

"Karibu, shemeji," akasema bila kusimama. "Mwenyewe amerudi shimoni. Silvano amemchukua."

"Shemeji, yale mafuta kwenye chupa..."

"Ni haya. Kwani hayakuwa mazuri? Alisema msumeno wa shimoni waliupaka haya miaka yote, ukateleza. Nimetwanga mpaka viganja vimechubuka."

"Lakini oili ilikuwepo!"

Hapo akaniinulia macho. "Ya nguruwe? Aishike, halafu aje aswali? Na moshi wake umwingie kifuani? Wewe ndiye uliyemwambia ni ya nguruwe. Alisema, 'Sefania amesoma, anajua kilichomo. Sitaki kumletea taabu na Bwana wake. Nitaweka yangu kimyakimya.'"

Mchi ukaendelea. Nilisimama pale nikiyaona yote. Baridi ya Magamba iligandisha nyonyo, nayo ikazama chini ya debe. Alipomimina ya juu, injini ilipata petroli tupu ikachubuka. Alipofikia ya chini, ikapata nyonyo nzito, ikajaa moshi na utando. Alifanya kazi ya kuilinda mashine kwa uaminifu, kila siku, na kila siku aliiua.

Nilikwenda kwa Bwana nikamweleza. "Mashine inawaka sasa?" akauliza. Nikasema inawaka. "Basi," akasema, akarudi ndani.

Kesho yake niliufunga msumeno stoo, nikaenda shimoni. Silvano alikuwa juu ya gogo. Chini, kwenye unga mwekundu, ilionekana kofia ya Selemani.

"Onga makeo," nikawaamkia kwa Kishambaa.

"Fundi mkuu huyo," akasema Silvano. "Umekuja kutupima kwa kijiti?"

Nikainama ukingoni. "Selemani, ilikuwa oili ya gari. Kopo tu ndilo lilikuwa la nguruwe. Nilikuwa natania."

Msumeno ulisimama. Selemani akainua uso.

"Oili ya gari," akasema.

"Ndiyo."

"Leo umefika mpaka shimoni kuniambia. Siku ile mtoni kulikuwa mbali, usije kuniuliza?"

Nikavua kofia.

"Haya, shuka," akasema, akipanda ngazi. Nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa unga. "Shika huku chini. Mimi leo nitakaa juu."

Silvano akashuka kwenye gogo, akampisha. Nilishuka. Selemani akaniteremshia chupa ya nyonyo, ya kuupaka msumeno. Niliupaka meno yote, pande zote mbili, kisha nikashika mkono wa chini. Akavuta. Unga ukaniingia machoni, nikavuta na mimi, naye akavuta, mpaka jua lilipofika juu ya shimo akasema anakwenda kuswali, nimngoje.