Mbegu za Mama Muthama

Mimi si mtu wa kusema asante haraka. Mume wangu Musembi alizoea kunitania kwamba neno hilo kinywani mwangu ni kama jino, halitoki mpaka livutwe. Leo nalitoa mwenyewe.

Mwaka wa 1966 Musembi alikuwa akinunua ngozi za mbuzi Sultan Hamud na kurudi kwetu Mukuyuni kila mwisho wa mwezi. Jumamosi moja, mvua za Novemba zikiwa zimekaribia, alifika akitetemeka. Nikasema ni malaria, nikampa vidonge. Jumatatu asubuhi vipele vilikuwa vimejaa usoni na kwenye viganja. Nikavitambua mara moja, kwa kuwa mama yangu mzazi alizeeka na makovu ya ndui.

Sheria niliijua pia. Chifu alikuwa ameisoma barazani: mwenye nyumba akiona ndui, apeleke habari siku hiyo hiyo. Lakini Jumatano ilikuwa zamu yangu ya mwethya. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, tukilima na kupanda shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Kwetu mvua haimsubiri mtu. Ukichelewa kupanda wiki moja umekosa chakula cha mwaka mzima. Nilikuwa na watoto watano. Nikajiambia kwamba wapande kwanza, habari nitapeleka Alhamisi. Nikamlaza Musembi chumba cha nyuma, nikawaonya watoto wafunge midomo.

Jioni hiyo, saa kumi hivi, Mbinya akaja kurudisha chungio langu. Huyu ni mke wa shemeji yangu, mama yake Muthama, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Musembi akakohoa. Mbinya akachungulia kabla sijamzuia, akamwona uso. Aliweka chungio chini, akageuka, na sikumwona akielekea kwake. Alielekea kwa chifu.

Jumanne Bwana Afya akafika kwa baiskeli, kijana mpole wa Kitui mjini aliyeitwa Rashid. Alituchanja sote mikononi, akamhamishia Musembi kwenye kibanda cha mbuzi kilichofagiliwa, kisha akazungusha kamba ya katani kuzunguka boma lote.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Siku kumi na sita, hakuna mtu anatoka, hakuna mtu anaingia. Na hakuna kitu inatoka. Hata kijiko. Mgonjwa atangoja mpaka ukoko wa mwisho uanguke."

"Na shamba langu?"

"Shamba iko nje ya kamba, mama."

Kana kwamba sikuwa na macho! Lilikuwa pale chini ya boma, hatua thelathini, limelimwa na halijapandwa.

Jumatano hakuja mtu. Ijumaa mvua ikanyesha, mvua nzuri ya kulowesha mpaka ndani, na kila nyumba nikasikia vigelegele isipokuwa yangu. Nilisimama kwenye kamba nikamtukana Mbinya kupitia ule ua wa minyaa. Nilimwita mchongezi, nikamwita mchawi, na mimi ni mwimbaji wa kanisa. Nilichosikia ni debe likiwekwa chini. Kila asubuhi alikuwa akija na maji, akayamimina kwenye mtungi wangu kutoka upande wake wa kamba bila kuugusa, akaenda zake.

Kwa lile lililoniuma zaidi sikuweza kumlaumu mtu. Kanuni za mwethya nilizitunga mimi, niliyekuwa mwenyekiti. Anayekosa zamu yake, kwa sababu yoyote ile, anarudi mwisho wa mstari. Mwaka uliotangulia mtoto wa Mbinya, Muthama, alikuwa na surua siku ya zamu yao. Mbinya aliniomba tumsogezee siku mbili tu. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Alipanda wa mwisho, akavuna debe mbili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa mwisho wa mstari ulikuwa wangu.

Jumamosi wakaja. Niliwaona wakishuka na majembe, wote kumi na watatu, Mbinya mbele. Nikakimbia ndani nikatoa kibuyu changu cha mbegu, mahindi na kunde nilizozichagua punje kwa punje tangu Februari, nikakinyoosha juu ya kamba.

"Weka chini, mama Kalunde," Mbinya alisema.

"Hizi ni mbegu!"

"Najua ni mbegu. Zimelala nyumba moja na ndui. Bwana Afya alisema hakuna kitu inatoka."

"Basi mmekuja kunicheka?"

Aliwageukia wenzake, wakanong'ona kidogo, kisha wote wakapandisha kilima wakarudi walikotoka. Nikaketi chini na kibuyu changu mapajani nikalia mbele ya watoto, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Kalunde, binti yangu mkubwa, alinishika bega. Nikamwambia mwaka huu tutakula mizizi.

Kabla jua halijafika utosini walirudi. Kila mmoja alikuwa na kitu: kibuyu, kikombe, fundo la leso. Walipanda shamba langu lote kwa mbegu zao wenyewe. Niliwatazama nikiwa upande wangu wa kamba, sina la kuwapa, hata uji, maana uji nao ni kitu kinachotoka. Walileta wao. Wakaunywa wakizungusha kata moja kwa vinywa kumi na vitatu, watano kati yao wakiwa na watoto mgongoni. Hapo ndipo nilipofunguka macho. Kata hiyo ingekuwa yangu. Jumatano ningeitoa nyumbani mwangu kwa mkono huu, na wangeinywa vivyo hivyo, wakicheka.

Musembi alipona. Makovu yalimbaki, na akapenda kusema sasa hata akipotea sokoni nitamtambua. Mimi na watoto hatukuugua, na Mukuyuni nzima hakuna mwingine aliyeugua. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa karibu kuwaumbua wengine kwanza.

Shamba liliota na kuzaa kwa namna ambayo hamjaona. Mstari huu mahindi meupe, ule wa pili yenye madoa mekundu. Kunde nyeusi, kunde za kahawia, mbaazi za kila aina. Niliweza kusoma shamba na kutaja majina. Mistari mirefu kuliko yote, ile iliyopita sambamba na kamba, ilikuwa ya kunde nyeusi ndogo za Mbinya.

Siku ile kamba ilipofunguliwa, kabla hata ya mavuno, nilikwenda kwake. Nilipita katikati ya shamba lake, na kipande cha chini, karibu nusu, kilikuwa wazi. Kimelimwa, hakijapandwa. Nikamuuliza Kasyoka, mwenzetu wa mwethya, niliyemkuta njiani.

"Wewe hujui?" Kasyoka akanishangaa. "Mbegu zake zilikuwa kidogo. Si mwaka jana alivuna debe mbili? Alizigawa. Hata siku ile wengine walisema wewe urudi mwisho wa mstari, kanuni ni yako. Mbinya akasema kanuni hiyo ni ya mtu mwenye amekosa kuja, si ya mtu mwenye amefungiwa."

Nikafika mlangoni. Mbinya alikuwa anapepeta.

"Asante, mama Muthama," nikasema. "Kwa kunishtaki. Na kwa mbegu."

"Aa, wacha," alisema bila kuinua kichwa. "Hata wewe ungenifanyia."

Nisingemfanyia. Alijua, na alijua kwamba najua. Alinipa neno hilo kama alivyonipa zile kunde, kutoka kwenye akiba ndogo, na tangu siku hiyo ninahangaika nalo ili liwe la kweli.