Maji Kabla ya Majani Kuanguka

Mwaloni mkubwa ulikuwa umevimba shinani kama kifundo cha mguu wa mgonjwa. Ardith aliugusa kwa kiganja, maji yakimfika magotini, akatazama juu. Majani yalikuwa bado mabichi, ila kileleni tawi moja lilikuwa limekauka.

Ng'ambo ya tuta la kuzuia maji kulikuwa na msitu wa jirani yao, Hoyt. Zamani bata mwitu walishuka humo makundi kwa makundi kufuata kokwa za mialoni zilizoelea. Hoyt, kwa pupa ya kuwinda, kila mwaka aliujaza maji kabla miti haijapukutisha majani na kulala kwa baridi, hadi mizizi ikaoza. Sasa miti ilisimama myeupe, haina gome, na bata waliipita bila hata kugeuza shingo.

"Dalton! Nani kafunga lango la maji?"

Mwanawe aliibuka juu ya tuta, mikono mfukoni. "Mimi, Mama. Mto umejaa sasa hivi. Tukiyaachia maji haya, msimu wa bata ukifunguliwa tutawinda nini, vyura?"

"Baba yako hakuweka ubao hata mmoja langoni kabla majani hayajaanguka."

"Baba alikuwa na mvua za enzi zake. Mwaka jana nilifunga mapema, bata wakajaa tele. Mbona hukulalamika ukiwala na mchuzi?"

Kweli Ardith aliwala. Na mwaka jana lango aliliona limefungwa, akanyamaza, akihofu kwamba kijana akinuna atahamia mjini Little Rock kama dada yake. Hofu ile ndiyo iliyokuwa imevimba pale shinani.

Akachukua kulabu ya kuchomolea mbao, akaliendea lango.

"Mama, usiniaibishe! Nimeshaalika watu."

"Waje tu. Nitawapikia pai."

Ubao wa kwanza ulichomoka, maji yakanguruma. Wa pili ukagoma. Akavuta, akateleza, akavuta tena.

"Unavutia upande," Dalton alisema. "Utaanguka, halafu nionekane mimi ndiye niliyekuua." Akashuka, akamshika imara kwa mkanda wa suruali yake ya mpira. Kulabu hakuigusa. "Haya, vuta."

Siku ya kufungua msimu msitu ulikuwa tope tupu. Bata walipita juu, wakashukia kwa watu wengine. Dalton alikaa katika kibanda cha kuvizia bata, bunduki mapajani, kahawa aliyoletewa na mama yake ikipoa.

Kokwa ya mwaloni ikadondoka juu ya bati la kibanda, ikabingirika, ikaangukia miguuni pake. Aliiokota, akaipangusa kwa kidole gumba, kisha akairusha mbali ndani ya msitu, pale ambapo maji yangefika kwanza lango likifungwa tena.