Miche Iliyonyweshwa Makombo

Kwanza ilikuwa harufu. Mama Miche, kama wateja wake walivyomwita, alifungua mlango wa uani asubuhi akakutana nayo uso kwa uso: harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa chini ya sinki. Mtu anayekoroga samadi kwa mikono mitupu, kisha akanawa na kunywa chai yake bila wasiwasi, si mtu wa kushtushwa na harufu. Lakini hii ilimpanda mpaka kwenye meno.

Ilitoka kwenye safu ya miche iliyopangwa kando ya ukuta. Alipiga magoti akabonyeza kiriba kimoja, kifuko cha plastiki cha kuoteshea, na udongo ukabonyea kama uji, ukatoa povu. Aliposhika mche, ulilainika vidoleni ukakatika, ukamwachia ute wa kahawia wenye mafuta. Kwenye udongo palikuwa na punje za wali, na juu ya wali funza mnene, anajinyonganyonga kwa raha zake.

"Ptuu!" Akatema mate, akajipangusa kwenye ukuta, akanusa vidole, akajipangusa tena.

Safu ile haikuwa ya mchezo. Kichaka kilichoizaa kilijiotea chenyewe kando ya barabara. Hakuna aliyekipalilia wala kukimwagilia, na kila kiangazi, bustani za watu zikikauka, chenyewe kilitoa maua ya manjano kama kinawacheka. Walipokuja kupanua barabara, tingatinga likaking'oa. Mama Miche aliwahi kuchuma mbegu zake kabla ya hapo, na zote alikuwa amezipanda kwenye viriba vile.

Na miche ya namna hiyo haidekezwi. Inaachwa ionje kiu ingali michanga, majani yalegee, ndipo inapewa maji kidogo, ili mizizi ijifunze kuyafuata chini. Mche uliodekezwa ukifika bustanini kwa mtu unakufa, na mteja anarudi na mdomo wake. Katika jambo hilo Mama Miche hakuwa na huruma hata chembe.

Sasa nani amemwaga makombo? Mumewe alikuwa haijui hata ndoo ya kumwagilia inakaa wapi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao tangu miguu ilipoanza kumvimba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa, alijitwalia beseni la vyombo. Kila siku aliviosha bila kuombwa, na Mama Miche, masikini, alikuwa akimsifu kwa majirani.

Mchana akaaga kwamba anapeleka maua kwa mteja. Akafika kona, akarudi taratibu kwa mlango wa uani.

Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya safu ile na beseni lake. Maji yalikuwa ya kijivu, mafuta yameganda juu, mifupa ya samaki inaelea. Aliyachota kwa kiganja, akiyamimina kiriba kwa kiriba.

"Kunyweni, wajukuu zangu," alinong'ona. "Kunyweni kabla hajarudi."

"Mama!"

Bibi huyo akashtuka, beseni likamponyoka, maji yakammwagikia miguuni.

Mkwe hafokewi. Mama Miche alijikaza, akameza alichotaka kusema, na alichokimeza kilikuwa kichungu. "Mama, nilikwambia hii haimwagiliwi ovyo."

"Uliniambia. Ndiyo maana nikawa nangoja utoke."

"Imeoza, mama. Iangalie! Imeoza yote, na mbegu nyingine sina."

Bibi akaitazama miche, kisha beseni. "Sikutaka kuiua," akasema. "Iliniuma, basi."

"Miche tu, mama? Ikuume nini?"

"Kila siku nakaa pale dirishani nakuangalia. Unapita na ndoo imejaa. Miche imelegea shingo, unaitazama, unapita zako. Nikajiuliza, kumbe mtu anaweza kutazama alichokilea mwenyewe kina kiu, akapita? Sasa siku mimi nikishindwa kuinuka kitandani, mwanangu, itakuwaje?"

Jibu la swali hilo hata mtoto analijua. Usiseme hivyo, mama, mimi nipo. Maneno yalimfika Mama Miche kooni. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya bibi: punje zimenata katikati ya vidole, mafuta yanang'aa hadi kwenye kiwiko, na kwa mkono uleule bibi alikuwa amejifuta pembe ya mdomo. Akaona kitanda. Akaona beseni chini ya kitanda, na yeye anaiosha ile miguu iliyovimba. Kinyaa kikamjaa tele, na safari hii hakikuwa cha miche.

Bibi akanyoosha mkono amshike bega.

Mama Miche akarudi nyuma. Hakukusudia, mwili ulijiendea wenyewe.

"Nitakuhudumia, mama," akasema haraka. "Haki ya Mungu nitakuhudumia."

Mkono wa bibi ulikuwa bado uko hewani. Akautazama, akaufuta kwenye gauni lake, mbele na nyuma, pole pole, kama mtu asiye na haraka tena.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mumeo akirudi kutoka kazini, mwambie anirudishe kwangu."

Kisha akainama kwa shida, akaokota beseni, akaenda kulisuuza.